Karamu ya Babette na Mkono wa Mpishi

Katika mwaka wa 1988 filamu ya Denmark iitwayo Karamu ya Babette, iliyotengenezwa na Gabriel Axel mwaka mmoja kabla, ilionyeshwa katika miji ya Marekani, na mwezi wa Aprili ikapewa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hakuna filamu ya Denmark iliyokuwa imepata tuzo hiyo kabla yake. Hata hivyo heshima iliyodumu zaidi ilikuja kwa njia ya tumbo. Watazamaji walitoka katika giza la sinema na njaa, na mikahawa kadhaa ikaanza kupika karamu ile ya filamu tangu supu mpaka kahawa na kuwauzia wenye fedha. Kutoka mikahawani desturi hiyo ikaingia majumbani. Hata leo wako watu wanaoalikana kumi na wawili, wakatandika kitambaa cheupe, wakawasha mishumaa, na kula kwa mpango ule ule vyakula ambavyo babu zao hawakuvijua na wajukuu wao huenda wasivitake.

Ni rahisi kuucheka mchezo huu, na kweli una vichekesho vyake. Vinara vya bati hupakwa rangi ya fedha, nguo za karne nyingine huazimwa kwa jirani, na mhandisi wa barabara hujifanya jemadari kwa usiku mmoja. Lakini orodha ya vyakula ni hati ya historia kama ilivyo hati ya forodha au daftari la kodi, na mtu anayejaribu kuipika upya hugundua mambo ambayo msomaji wake hayagundui. Hugundua kwanza kwamba karibu kila chakula kilichomo hakiwezekani tena.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Babette, mwanamke wa Kifaransa aliyekimbia mauaji ya Paris ya mwaka wa 1871, anapokewa na ndugu wawili wa kike, binti za mchungaji aliyekwisha kufa, katika kijiji maskini cha pwani ya Jutland. Anawatumikia bila mshahara, na kazi yake ya kwanza ni kujifunza kupika samaki mkavu na uji wa mkate uliochemshwa kwa pombe, kwa maana hicho ndicho chakula cha nyumba ile. Miaka mingi baadaye anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu, naye anaomba ruhusa ya kupika karamu moja ya Kifaransa siku ya kukumbuka miaka mia tangu kuzaliwa kwa mchungaji yule. Wazee wa madhehebu, walioona kasa aliye hai akiingizwa jikoni, wanaogopa kwamba wataletewa uchawi mezani. Wanaahidiana kula bila kutamka neno lolote juu ya chakula. Mgeni mmoja tu, jemadari aliyepata kukaa Paris, anatambua anachokula. Karamu ikiisha, mabibi wanaambiwa kwamba mtumishi wao alikuwa mpishi mkuu wa Café Anglais, na kwamba faranga zote 10,000 zimekwisha kwa usiku ule mmoja.

Chakula cha kwanza mezani ni supu ya kasa. Katika karne ya kumi na nane mabaharia wa Uingereza walileta kasa hai kutoka visiwa vya Karibi, kwa kuwa mnyama huyu huweza kukaa majuma mengi melini bila chakula, akalazwa chali asitoroke. Supu yake ikawa alama ya utajiri katika karamu za wakubwa wa London. Wasioweza kumnunua kasa walichemsha kichwa cha ndama, wakatia viungo vilevile, wakaita supu ya kasa wa uongo. Na uongo huo ukapendwa hata ukawa chakula chenye jina na heshima yake. Kuiga, basi, hakukuanza na watazamaji wa sinema. Ni sehemu ya supu yenyewe tangu zamani.

Leo kasa wa kweli hawezi kuingia katika sufuria ya mwigaji wa Ulaya wala wa Marekani bila kuvunja sheria. Mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka wa 1973 juu ya biashara ya viumbe walio hatarini umewaweka kasa wa baharini katika kundi la wanyama wasiofanyiwa biashara baina ya nchi. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu ya pili ya kumwogopa, na sababu hiyo haikuandikwa na mwanasheria yeyote. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, maana mara nyingine nyama hiyo huwa na sumu ambayo moto hauiondoi. Wazee wale wa Jutland waliomwona kasa jikoni na kudhani kwamba mauti yameingia nyumbani hawakuwa wajinga kama filamu inavyowaonyesha.

Baada ya supu vinakuja vyapati vidogo vya chachu, vilivyopakwa malai na kulundikwa mayai meusi ya samaki. Hivi huitwa kwa jina la Demidoff, ukoo wa Kirusi uliotajirika kwa chuma cha milima ya Ural kisha ukatumia sehemu ya utajiri huo Paris na Italia. Mayai hayo ni ya samaki aitwaye sturgeon, ambaye uvuvi wa kupita kiasi umempunguza hata tangu mwaka wa 1998 biashara ya jamii zake zote imewekewa mipaka. Mwigaji hununua mayai ya samaki mwingine, yaliyotiwa rangi. Rangi hiyo aghalabu huchuja, na malai meupe yakageuka kijivu mbele ya wageni.

Chakula kikuu ni kware katika jeneza. Ndege hutolewa mifupa, akajazwa ini la bata bukini aliyenenepeshwa pamoja na uyoga adimu wa chini ya ardhi, kisha akalazwa ndani ya kisanduku cha unga uliokunjwa na kusukumwa na siagi mara nyingi. Katika filamu kichwa cha ndege kinabaki, na jemadari anakiinua kwa vidole na kufyonza ubongo, naye ndiye pekee mezani anayejua kwamba adabu ya Paris yaruhusu hivyo. Hapa waigaji wengi hushindwa, wala si kwa sababu ya bei. Kumtoa kware mifupa bila kumpasua ngozi ni kazi ya mikono iliyozoea. Mtu asiyepata kuifanya hutumia robo ya mchana kwa ndege mmoja, na karamu inataka kumi na wawili. Wengine huweka kuku mdogo mahali pa kware, maini ya kuku mahali pa maini ya bukini, na uyoga wa sokoni mahali pa ule wa porini. Chakula kinachotoka huenda kikawa kitamu, ila si kile.

Juu ya vinywaji hakuna haja ya maneno mengi. Shampeni ya Veuve Clicquot ya mwaka wa 1860 hainunuliki kwa karamu ya nyumbani, wala divai ya Clos de Vougeot ya enzi ileile. Zaidi ya hayo, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa mdudu aliyetoka Marekani aliangamiza mizabibu ya Ufaransa, na wakulima wakaokoka kwa kupandikiza matawi ya kwao juu ya mashina ya Kimarekani. Hata mzabibu, kwa hiyo, una miguu mingine.

Yafaa ijulikane pia kwamba orodha yenyewe inayoigwa ni ya filamu zaidi kuliko ya kitabu. Hadithi ya asili, iliyochapwa mwaka wa 1950 katika gazeti la wanawake la Marekani liitwalo Ladies' Home Journal, iliwekwa Berlevaag, bandari ya kaskazini ya Norway, katika nyumba zilizopakwa rangi nyingi. Axel aliihamishia Jutland akaipaka kijivu. Maelezo ya vyakula katika hadithi ni mafupi. Filamu iliongeza saladi, jibini, na keki ya chachu iliyoloweshwa ramu, tena kila sahani ikaonyeshwa kwa ukaribu hata mtazamaji akahisi mvuke wake usoni. Waliopika kwa ajili ya kamera waliongozwa na Jan Pedersen, mpishi wa mkahawa wa La Cocotte mjini Copenhagen. Watazamaji humkumbuka Stéphane Audran, mwigizaji aliyekuwa Babette, na kusema kwamba alipika vizuri. Ndivyo ilivyo kwa wapishi: sifa za chakula humwendea anayeonekana karibu nacho. Kijiji cha filamu kilijengwa karibu na kanisa la zamani la Mårup, juu ya genge ambalo bahari ilikuwa ikilila. Kuanzia mwaka wa 2008 kanisa hilo lilibomolewa kidogokidogo ili lisianguke baharini.

Café Anglais haikuwa ya kubuniwa. Ilisimama katika barabara ya Boulevard des Italiens mjini Paris, na tangu mwaka wa 1866 jiko lake liliongozwa na Adolphe Dugléré. Tarehe 7 Juni 1867, wakati wa maonyesho makubwa ya Paris, walikula humo Alexander wa Pili, mfalme mkuu wa Urusi, pamoja na mwanawe mrithi, na Wilhelm wa Kwanza, mfalme wa Prussia, pamoja na waziri wake Bismarck. Dhifa ile huitwa ya wafalme wakuu watatu, ingawa mmoja wao alikuwa bado mrithi na mwingine hakupata cheo cha mfalme mkuu wa Ujerumani mpaka mwaka wa 1871. Miaka mitatu baada ya dhifa hiyo majeshi ya huyo Wilhelm yaliuzingira mji uliomlisha. Tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, walichinjwa wakaliwa, na mkahawa mwingine mashuhuri, Voisin, ulitoa siku ya Krismasi ya mwaka wa 1870 orodha yenye supu ya tembo na paka aliyezungukwa na panya. Hakuna hata mmoja kati ya wanaopenda karamu za zamani anayeonekana kuwa na haraka ya kuipika hiyo.

Kuzingirwa kulipokwisha, watu wa Paris waliasi wakaunda serikali yao, Komuni, iliyodumu tangu tarehe 18 Machi mpaka tarehe 28 Mei 1871. Ilizimwa kwa damu nyingi, na miongoni mwa majemadari waliojulikana kwa ukatili katika kuizima alikuwa Galliffet. Hapa hadithi inatia kisu mahali penye uchungu. Mume na mwana wa Babette waliuawa upande wa waasi, naye mwenyewe alishtakiwa kwamba alichoma nyumba kwa mafuta. Galliffet, aliyewaua watu wake, ndiye pia aliyekuwa mteja wake mezani, na aliyemsifu kuliko wote. Babette anajua yote mawili. Anawalilia walaji wale, wadhalimu kama walivyokuwa, kwa sababu wao tu ndio waliofundishwa kutambua alichoweza kufanya. Uchungu huo haumo katika orodha ya vyakula, wala hakuna mwigaji awezaye kuuandaa. Historia ya kweli haimjui mwanamke aliyetawala jiko la Café Anglais. Palikuwa na Dugléré. Mwandishi alimnyang'anya mwanamume kofia yake akamvika mkimbizi, na hilo ni tendo la makusudi linalotaka kuelezwa.

Mwandishi huyo alikuwa Karen Blixen, na maelezo yanaanzia Kenya. Inasimuliwa kwamba rafiki yake Mwingereza, Geoffrey Gorer, alimshauri aandike juu ya chakula ikiwa anataka kuuza hadithi kwa Wamarekani, maana wanakipenda mno. Yamkini ndivyo hadithi ilivyozaliwa. Lakini shauri la rafiki halimpi mtu ujuzi wa jikoni. Huo Blixen alikuwa nao tangu siku alizolima kahawa, bila faida, chini ya vilima vya Ngong, kuanzia mwaka wa 1914 mpaka mwaka wa 1931.

Katika kitabu chake cha kumbukumbu za shamba hilo, kilichotoka mwaka wa 1937, amemweleza kwa kirefu Kamante Gatura, mtoto wa Kikuyu aliyemwona akichunga mbuzi, miguu yake imejaa vidonda. Alimpeleka hospitali ya misheni ya Waskoti, akapona akarudi Mkristo. Na mpishi wa nyumba alipokufa, Kamante akaingia jikoni. Blixen mwenyewe alikuwa amepata mafunzo kwa mpishi Mfaransa mjini kwao alipokwenda likizo, na aliyoyajua akamwonyesha kijana huyu. Kamante hakujua kusoma, basi mapishi yote aliyaweka kichwani, akiyaita kwa matukio ya siku alipofundishwa: mchuzi mmoja ulikuwa wa radi iliyopiga mti, mwingine wa farasi wa kijivu aliyekufa. Aliletewa chombo cha kupigia mayai kutoka Ulaya, akakiacha kishike kutu. Ute wa yai aliupiga kwa kisu cha kupalilia majani, nao ukaumuka kama mawingu. Novemba 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliyekuja baadaye kuwa Edward wa Nane, alikula nyumbani humo, akausifu mchuzi uliotolewa na nyama ya nguruwe, na Kamante aliziweka sifa hizo moyoni.

Hapana anayeweza kuthibitisha kwamba Babette ni Kamante aliyevishwa gauni, na kusema hivyo kungekuwa kuwapunguza wote wawili. Tofauti iko wazi. Babette alikipenda alichokipika, ilhali Kamante, kwa maelezo ya Blixen, alikionja chakula cha Kizungu kwa mashaka, na alipotaka kumkirimu bibi yake alimletea kiazi kitamu au mafuta ya kondoo. Alikitawala chakula ambacho hakukiamini. Kinachowaunganisha ni kile kilichowapata baadaye. Katika mwaka wa 1931 shamba liliuzwa, Wakikuyu waliokuwa wakilima humo wakatakiwa kuondoka, na Blixen akarudi Denmark. Kamante alimtumia barua zilizoandikwa na waandishi wa kulipwa, na habari zake zilikuwa za kukosa kazi. Blixen anakiri katika kitabu hicho, bila kujificha sana, kwamba hakushangaa: alikuwa amemfundisha mpishi wa kufaa ikulu akamwacha katika koloni changa isiyokuwa na matumizi ya ujuzi kama ule.

Huyu ndiye mpishi aliyepoteza walaji wake, naye alikuwapo miaka kumi na tisa kabla Babette hajaandikwa. Tena walaji wa Kamante, kama wale wa Café Anglais, walikuwa ndio haohao waliokuwa wameketi juu ya ardhi ya watu wake. Blixen hakuyaandika mambo haya mawili katika ukurasa mmoja. Kuhusu Paris ya 1871 aliweza kusema wazi kwamba mkono unaosifu upishi waweza kuwa mkono uliomwaga damu ya jamaa wa mpishi. Kuhusu Ngong alisema kwa upendo mwingi na kwa ufupi. Pengine masafa ya Norway na karne iliyopita yalimpa ulimi ambao vilima vya Ngong vilimnyima. Msomaji anayejua vitabu vyote viwili atamsikia Kamante nyuma ya mlango wa jiko la Babette, hata kama mwandishi mwenyewe hakumwalika.

Mwandishi wa karamu hiyo hakuweza kula karamu. Maradhi na upasuaji wa tumbo katika miaka ya 1950 vilimwachia chaza, zabibu na shampeni kidogo. Alikonda hata picha zake za mwisho hutisha, akafa nyumbani kwake Rungstedlund tarehe 7 Septemba 1962.

Filamu nyingine, ile ya Kimarekani ya mwaka wa 1985 iliyotokana na kitabu chake cha Kenya, nayo ilizaa karamu za kuigwa. Watalii huandaliwa meza nyikani, kitambaa cheupe juu ya majani, bilauri za kioo, taa za mafuta, na watumishi waliovaa kanzu na glavu nyeupe kama katika picha. Kati ya maigizo haya mawili, la Babette lina udhuru zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba hujifunga aproni na kujua kware mmoja ana mifupa mingapi. La nyikani humwacha mgeni kitini na kumfanya mtumishi aigize utumishi wa babu yake, na bei hulipwa kwa dola.

Kamante aliishi kuona mambo mengi. Katika mwaka wa 1975 masimulizi yake ya siku za shamba, yaliyokusanywa na mpiga picha Peter Beard, yalitoka kitabuni huko Marekani, naye kwa mara ya kwanza akawa msimulizi badala ya msimuliwa. Alifariki mwaka wa 1985, mwaka uleule filamu ilipotoka, na ndani yake sehemu yake ikiigizwa na Joseph Thiaka. Mwaka uliofuata nyumba ya Ngong, ambayo serikali ya Denmark ilikuwa imeikabidhi Kenya wakati wa uhuru, ilifunguliwa kuwa makumbusho. Wageni huingia kwa mlango wa mbele, wakaonyeshwa chumba cha kulia na meza iliyotandikwa, kisha hutoka nje kulifikia jiko, lililojengwa mbali kidogo na nyumba kama yalivyojengwa majiko ya wakati ule ili moshi na harufu visiwafikie waliokaa mezani.